Wadogo zangu mnaoanza na historia ya Masikh, nionyesheni kadi zenu

Wiki hii nimesoma rasimu tatu za wanafunzi wa uzamili, zote za historia ya Masikh. Nilipofika ukurasa wa 9 wa ile ya tatu nilifunga kompyuta, nikatoka nje kununua hindi la kuchoma, nikalimaliza nimesimama palepale kwa muuzaji. Pale ukurasani nilikuta kosa nililolifanya mimi miaka 18 iliyopita. Ni lilelile, pamoja na furaha yake, na lilianzia kwenye kadi ya kuandikia nukuu.

Basi nimeona niandike, maana kila mwaka nayaeleza haya kwa mdomo, mtu mmoja mmoja, na kila mwaka anakuja mwingine anayedhani ndiye wa kwanza kugundua kwamba ndani ya Guru Granth Sahib, kitabu kitakatifu cha Masikh, mna tungo za Kabir na Sheikh Farid, ambao hawakuwa Maguru. Mnanichosha kweli. Na nafurahi kwamba mmekuja, kwa sababu nilipoanza tulikuwa wawili tu tulioweza kusoma Gurmukhi, mwandiko wa Granth, bila kufuata kwa kidole, na sasa Jumamosi viti havitoshi.

1. "Nanak" si saini ya mtu mmoja.

Wawili kati yenu mmeandika "Guru Nanak anasema", chini yake mkaweka maneno ya Guru Arjan, Guru wa tano. Najua mlikoponzwa. Sisi tumelelewa na mashairi, na mshairi wetu akifika beti za mwisho hujitaja jina, wakati mwingine na mji wake, na hapo msomaji anajua nani kasema. Katika Granth jina hilo ni la nyumba nzima. Kati ya Maguru kumi, wakianzia na Nanak mwenyewe, wa pili hadi wa tano, na yule wa tisa, wote wametunga kwa jina la Nanak, kwa kuwa kwao nuru ni ile moja iliyopokezanwa kama taa inavyowasha taa. Kinachowatofautisha ni Mahala, namba ya Guru iliyoandikwa juu ya utungo. Mahala 1 ni Guru Nanak, Mahala 5 ni Guru Arjan, Mahala 9 ni Guru Tegh Bahadur. Guru Nanak ana tungo 974. Guru Arjan ana zaidi ya 2,200. Kwa hiyo ukimkuta "Nanak" bila kuangalia juu, kuna uwezekano mkubwa kwamba uliyekutana naye ni Guru Arjan.

Andikeni angi (ukurasa wa Granth), raga (lahani ya utungo) na mahala, kila mara, hata kwenye ujumbe wa simu mnaotumiana usiku. Angi ni 1,430 katika chapa ya kawaida ya leo, popote mlipo. Sitapokea tena tanbihi inayosema "Granth, sehemu za mwanzo".

2. Kalenda ya Bikrami: toa 57, halafu angalia mwezi.

Vaisakhi ya Samvat 1756, yaani mwaka 1756 wa kalenda hiyo ya Kihindi, ni 1699. Bhadon ya Samvat 1661 ni 1604. Hapo hamkosei. Lakini mwaka wa Bikrami huanza kwenye majira ya Machi na Aprili, kwa hiyo hati ya Magh au Phaggan inaangukia baada ya Januari kuanza, na hapo mnatoa 56. Poh ndio mwezi wa hatari kwa sababu unaweza kukaa pande zote mbili. Tafuteni siku yenyewe. Guru Gobind Singh, Guru wa kumi, alizaliwa Poh ya 1723, nayo ni Desemba 1666. Mmoja wenu ana hukamnama mbili (barua za amri za Guru) alizozipanga kinyume kwa sababu hii, kisha akaandika aya nzima kueleza kwa nini Guru alibadili msimamo. Guru hakubadili kitu. Mwezi ndio uliosomwa vibaya.

3. Ngeli.

Jambo hili halimo katika mwongozo wowote wa utafiti, kwa kuwa miongozo yetu yote iliandikwa kwa lugha zisizo na ngeli. Nilipoanza utafiti Nairobi nilikuwa nikienda kwa fundi mmoja mzee wa Kisikh, seremala, karakana yake imejaa vumbi la mvule. Siku moja niliandika kwenye daftari mbele yake kwamba asubuhi "kitabu kinafunguliwa" na usiku "kinafungwa". Alisoma akiwa amesimama nyuma ya bega langu. Akaniuliza, "Wewe babu yako akienda kulala, unasema amelala au kimelala?" Kisha akarudi kupiga randa ubao wake, na dakika kumi nzima hakusema neno lingine.

Nikafuta. Nikaandika: alfajiri Guru hufunguliwa, usiku hupumzishwa. Tangu siku hiyo naandika "Guru Granth Sahib amebebwa kichwani", "Guru Granth Sahib amepumzishwa chumbani mwake". Kiambishi hicho kimoja kinabeba fundisho zima, kwamba tangu Guru Gobind Singh afariki Nanded mwaka 1708 hakuna tena Guru wa mwili, na Guru wa milele ni Granth. Mkiandika "ki-" mmeshabishana na Masikh wote kabla hamjafika kwenye hoja yenu. Kwa mwaka 1604, Granth ilipokusanywa mara ya kwanza, naandika "Adi Granth ilikamilika", kwa maana Guru Arjan alikuwa hai. Hapo nina sababu, na mtu akiniuliza namweleza.

Mengine mnayajua: kichwa kifunikwe, mikono ioshwe, viatu viachwe nje, sigara zibaki nyumbani kabisa, hata mfukoni zisiwepo. Mkidhani adabu ni mapambo tu, mtazameni Ernest Trumpp. Alipewa kazi ya kutafsiri Granth, akawadharau magiani (wasomi wa maandiko ya Kisikh) waliotakiwa kumsaidia, na kitabu chake cha 1877 kilikuwa tafsiri ya sehemu tu, iliyowaumiza watu ambao alipaswa kuwaeleza. Kisha akaja Max Arthur Macauliffe, akaacha kazi ya serikali mwaka 1893, akakaa chini na magiani, wakamsahihisha karatasi kwa karatasi hadi juzuu zake sita zilipotoka 1909. Hata hivyo msimlete Macauliffe kama ushahidi wa karne ya 16. Yeye ni ushahidi mzuri sana wa yale magiani wa zama zake waliyoyaamini.

4. Sasa ile kadi.

Nilikuwa mwaka wa pili wa uzamivu, Uingereza. Sura yangu ya tatu ilihusu enzi za Guru Hargobind. Guru Arjan ameuawa Lahore mwaka 1606, chini ya mfalme Jahangir wa Mughal. Mwanawe Hargobind anavaa panga mbili, miri na piri, mamlaka ya dunia na ya roho. Na swali ninalotaka kulijibu ni jinsi Masikh walivyojiona wenyewe walipoanza kushika silaha. Shahidi bora wa miaka ile ni Bhai Gurdas. Mkono wake ndio ulioandika Adi Granth. Alimwona Guru Hargobind kwa macho yake. Na vaar zake 40, ambazo mimi kwa Kiswahili naziita tenzi, zimejaa mambo ya wakati wake.

Ubeti wa 24 wa vaar ya 26 hauna mfano. Bhai Gurdas anakusanya manung'uniko ya watu jinsi yalivyo: Maguru wa zamani walikaa kwenye dharamsal (nyumba ya ibada), huyu hatulii mahali pamoja, wafalme waliwaendea wale majumbani kwao, huyu mfalme kamfunga ngomeni, huyu anafuga mbwa na kwenda kuwinda. Kisha anajibu kwa imani yake kwamba ukweli haufichiki. Mtu aliyekuwepo, anayempenda Guru wake, na bado anakiri kwamba watu walinung'unika! Nilikuwa na ushahidi huo mkononi na ungenitosha.

Lakini ndani ya boksi langu la viatu mlikuwa na kadi nyingine. Juu yake nimeandika "Bhai Gurdas" kwa wino wa bluu, nimepigia mstari mara mbili. Chini yake mistari mitano ya Kipunjabi, na ndani yake mmetajwa kunywa pahuli (maji ya kuapishia muumini) ya upanga wenye makali mawili, na jumuiya ya Guru kufanywa Khalsa, udugu wa walioapishwa. Namba ya vaar haipo. Namba ya ubeti haipo. Chapa haipo. Niliinakili maktabani jioni moja kutoka kwenye maelezo ya mkusanyiko fulani, dakika tano kabla ya kufungwa, mlinzi tayari anazima taa za upande wa pili, nikajiambia nitaijaza kesho.

Mmeshaona inakokwenda. Pahuli ya upanga ni ya Anandpur, Vaisakhi ya 1699, Guru Gobind Singh alipoanzisha Khalsa. Kabla yake kulikuwa na charan pahuli, maji yaliyoguswa na unyayo wa Guru. Bhai Gurdas alifariki miaka ya 1630. Na mimi hapa nina kadi inayomfanya aitaje pahuli ya upanga miaka 60 na zaidi kabla haijakuwepo. Aliyetulia angeishuku kadi. Mimi niliishuku 1699.

Niwaeleze ile furaha, kwa sababu ndiyo niliyoiona katika rasimu ya tatu. Sikulala. Niliandika kurasa 22 kwa siku tisa. Kila nilichokuwa nimekisoma kiligeuka na kusimama upande wangu: panga mbili, mbwa wa kuwindia, ngome, vyote vikawa dalili za Khalsa iliyokuwepo tayari tangu wakati wa Guru Hargobind. Nilipojiuliza kwa nini wanahistoria wote walionitangulia hawakuliona hili, nilipata jibu mara moja: walikuwa wamefungwa na simulizi ya 1699. Msimamizi wangu aliisoma haraka, akaandika pembeni "inavutia, imarisha". Nikadhani kuimarisha ni kuandika kwa sauti ya juu zaidi. Rafiki yangu mmoja alikuwa akiandaa makala ya mkutano, akaniomba hoja ile aitumie, nikampa kwa moyo mkunjufu.

Kisha ikaja siku ya semina. Tulikuwa watu kama 20. Mstari wa nyuma aliketi giani mmoja mzee aliyetufundisha kusoma jioni za Jumatano. Alizaliwa Kisumu, baba yake fundi wa reli, akahamia Uingereza mwishoni mwa miaka ya 1960 kama wengi wa kwetu, na Kiswahili chake hakikumtoka. Nilipoanza kusoma ile mistari niliona midomo yake inatembea pamoja na yangu. Nikafika mwisho wa kadi, nikanyamaza. Midomo yake iliendelea.

Wakati wa maswali aliinua mkono, akasema kwa Kiingereza kwamba angependa kuusikia ubeti wote. Nikajibu kwamba ndio huo. Alinitazama kidogo, kisha akasema kwa Kiswahili, katika chumba ambamo hakuna mwingine aliyekijua, "Mwanangu, ubeti haujaisha." Akafumba macho. Akausoma tangu mwanzo, kwa lahani, bila haraka, na baada ya mstari wangu wa mwisho ukafuata mstari ambao kadi yangu haikuwa nao. Kilikuwa kibwagizo, nacho kinamsifu Gobind Singh, yeye mwenyewe guru, yeye mwenyewe mwanafunzi.

Gobind Singh, aliyezaliwa 1666.

Hakuna aliyehitaji kuniongezea neno. Masikio yaliwaka moto, karatasi zikawa nzito mkononi. Ile ni vaar ya 41. Ni ya Gurdas mwingine, wa baadaye, ambaye wanahistoria wengi humweka karne ya 18, na wachapishaji wamezoea kuiweka nyuma ya zile 40, ndani ya jalada moja, chini ya jina moja. Kila giani analijua hilo. Mtu yeyote aliyekifungua kitabu chenyewe angelijua, kwa kuwa kibwagizo kile kinarudi ubeti baada ya ubeti. Mimi nilikuwa nimefungua kadi.

Na linaloniuma hadi leo ni kwamba mimi ni mtu wa Mombasa. Nimekua nikisikia mashairi yakighaniwa arusini na redioni. Mtu akinipa ubeti wa Kiswahili wenye mishororo mitatu nitamuuliza wa nne uko wapi kabla sijamuuliza maana. Kwa Kipunjabi sikuuliza. Ile mistari mitano ilikuwa imenipa nilichokitaka, nikaona ubeti umetimia.

Watu walipotoka mzee alinisubiri mlangoni. Aliniuliza, "Umekula?" Akanipeleka gurdwara, nyumba ya ibada ya Masikh, tukaketi chini kwenye langari, pale chakula kinapogawiwa bure, dengu na roti, na mpaka nimemaliza sahani ya pili hakugusia semina. Ndipo akauliza, kwa upole kabisa, "Kadi ilitoka wapi?" Nikafungua mdomo nikagundua sijui. Semina niliweza kuivumilia. Swali lile ndilo lililonitoa machozi.

Usiku nilimpigia rafiki yangu. Muhtasari wake ulikuwa umeshachapwa kwenye ratiba ya mkutano. Aliiondoa makala kwa gharama yake, hakunigombeza, na hatukuzungumza sawasawa kwa miaka miwili. Kosa hilo ni langu lote. Kisha nilimwaga kadi zote sakafuni, 412, nikazipitia moja moja. Zisizo na chanzo zilikuwa 31. Nilizichana zote, hata zile nilizoamini ni za kweli. Sura ikashuka kutoka kurasa 38 hadi 16, ikabaki imesimama juu ya vaar ya 26 peke yake, na katika yote niliyoandika maishani hizo 16 ndizo ninazoweza kumpa mtu yeyote azisome.

Giani naye hakuniachia hapo. Jumatano iliyofuata alileta vaar ya 41, tukaisoma yote, ubeti kwa ubeti. Alitaka nielewe kwamba vaar ile haikumdanganya mtu. Ni ushahidi mkubwa wa namna Khalsa ilivyokumbukwa na kuimbwa baada ya Guru Gobind Singh. Mimi ndiye niliyempa shahidi umri usio wake.

Kwa hiyo kila kadi iwe na jina la aliyesema, mwaka aliofariki, vaar, ubeti, chapa, na ubeti mzima hadi kibwagizo. Jina lililo juu ya hati halitoshi kuipa hati mwaka. Rahitnama (maandiko ya kanuni za mwenendo wa Khalsa) kadhaa zimebandikwa majina ya watu waliokaa na Guru Gobind Singh, na bado mnatakiwa kuuliza lugha yake ni ya lini, nakala kongwe kabisa ni ya lini, na nani wa kwanza kuinukuu. Wewe wa rasimu ya tatu unajijua: ukurasa wa 9, mstari wa 14, "Bhai Gurdas, mwandishi wa Adi Granth, anathibitisha". Vaar ya 41.

5. Janamsakhi.

Hizi ni simulizi za maisha ya Guru Nanak. Kuna wanaozisoma kama gazeti na kuna wanaozitupa kama uongo, na kila mwaka napata wa aina zote mbili katika kikundi kimoja. Ulizeni simulizi ilikuwa inafanya kazi gani kwa waliokuwa wakiisikiliza. Mapokeo ya Puratan yanasema Guru Nanak alizaliwa mwezi wa Vaisakh, mwaka 1469. Mapokeo ya Bala yanasema ni mwezi mpevu wa Kattak, na sherehe za ulimwengu mzima zimefuata Kattak. Msiishie kuchagua upande. Tafuteni jinsi sherehe ilivyohamia huko, hapo ndipo kuna kazi. Kuhusu Bala mwenyewe, anayedaiwa kusimulia mbele ya Guru Angad, Guru wa pili, kumbukeni kwamba Bhai Gurdas katika vaar ya 11 anawataja wafuasi wa Guru Nanak na Bala hamo. Huyo ni Bhai Gurdas halisi, na sasa mnajua kwa nini nasisitiza.

Mkipata nafasi ya kufika London, ombeni kuiona hati ya janamsakhi iitwayo B40, ya mwaka 1733, yenye picha 57. Nilikaa na picha moja asubuhi nzima nikiangalia mikono tu: nani amekunja, nani ameinua, nani anashika tasbihi. Mchoraji alijua mengi kuhusu nani alikuwa wa karibu na Guru kuliko tanbihi zangu zote za mwaka ule.

6. Punjab haianzi Makindu.

Nalisema hili kwa mapenzi, maana mimi mwenyewe nilianzia Makindu. Baba alikuwa dereva wa lori la Mombasa hadi Nairobi, na likizo za shule alinichukua. Pale gurdwara, iliyojengwa 1926, tulikula bila kuulizwa dini wala nauli, baba anaosha mikono na grisi haitoki, na hakuna aliyemwangalia vibaya. Nilitaka kujua ni watu gani hawa. Wengi wenu mmeanza hivyohivyo, kwa fundi wa mtaani mliyemwita Kalasinga.

Lakini mmoja wenu ameandika kwamba Masikh "kwa asili ni mafundi". Masikh wa Afrika Mashariki wengi walitoka kwa Ramgarhia, jamii ya maseremala na wahunzi, kwa sababu reli iliwahitaji hao. Punjab yenyewe walio wengi ni Majat, wakulima. Ukitoa hoja ya Punjab kutoka karakana ya Nairobi utakuwa umeandika historia ya reli. Na hata ya reli andika kwa uangalifu: kati ya vibarua elfu 32 hivi walioletwa kutoka India, 1896 hadi 1901, Masikh walikuwa sehemu tu, pamoja na Waislamu na Wahindu wa Punjab hiyohiyo. Ukitaka mada ya huku kwetu, nenda kwa Makhan Singh, aliyezaliwa Punjab, akaunda chama cha wafanyakazi Kenya mwaka 1935, akawekwa kizuizini kuanzia 1950 hadi 1961. Kazi juu yake bado ni nyingi na wanaosoma Kiswahili, Kipunjabi na Kiingereza kwa pamoja ndio ninyi.

Neno Kalasinga acheni mtaani, linakoishi vizuri. Kwenye tasnifu andikeni Sikh.

7. Yaliyobaki, haraka.

Hati za zamani ni larivaar, maneno hayakuachanishwa, kwa hiyo jizoezeni kuzikata wenyewe kabla ya kuangalia chapa ya leo imekata wapi. Nunueni Mahan Kosh, kamusi kuu ya Kahn Singh Nabha, ya 1930, au pakueni, na mjifunze mpangilio wa herufi 35 za Gurmukhi hadi mkono uende wenyewe. Msimfungulie mzee mahojiano kwa 1984. Maktaba ya Darbar Sahib, hekalu kuu la Masikh kule Amritsar, ilipotea jeshi la India liliposhambulia Juni ya mwaka ule, pamoja na hati za mkono zisizo na nakala, na wapo wanaozijua hati hizo kwa majina kama mtu anavyowajua marehemu wake. Likija lije lenyewe, na mfunge kinasa sauti mkiombwa. Baada ya India kugawanywa mwaka 1947 kumbukumbu za Punjab ziko pande mbili za mpaka na nyingine London, kwa hiyo panga bajeti yako kabla hujapanga sura.

Na ile sentensi ya "Usikh ni mchanganyiko wa Uhindu na Uislamu" nimeifuta katika rasimu zote tatu. Mnajua mnavyochemka mtu akiwaambia Kiswahili ni mchanganyiko wa Kiarabu na Kibantu. Mnamkalisha chini mnamweleza sarufi. Basi Sikh naye ana sarufi yake, na mnao mwaka mzima wa kuisoma.

Jumamosi ni saa nne asubuhi, mahali palepale. Kila mtu aje na kitambaa cha kichwa na kadi zake zote, hata zile za aibu. Tutaanza na vaar ya 26, ubeti wa 24. Halafu wewe wa rasimu ya tatu utatusomea ubeti wa kwanza wa vaar ya 41, kwa sauti, hadi kibwagizo. Nitaketi karibu nawe.